Fizi Zilizomnyamazisha Mzee Nyamhanga

Vijana mnaoanza kazi ya meno, mkimwambia mgonjwa afungue mdomo, msikimbilie jino analolinyooshea kidole. Jino litawasubiri. Angalieni kwanza nyama inayolishika. Fizi zetu nyingine ni nyeusi tangu kuzaliwa na hilo si tatizo, kwa hiyo usihukumu kwa rangi. Angalia ukingo wake. Ukingo mzima ni mwembamba na umelilalia jino vizuri. Ukingo mgonjwa umevimba, unang'aa, na ukiugusa kidogo tu unatoa damu kama vile ulikuwa unakusubiri.

Mimi nimestaafu. Mikono yangu sasa inashika jembe na mwiko hapa Nyansurura, nilikoolewa. Ila kwa miaka mingi ilishika koleo na vyuma vya kukwangulia meno ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, na nilikuwa narudi nyumbani mwisho wa juma. Jina langu ni Ghati, ingawa huko waliniita Mama Meno. Nilizaliwa Nyanungu, kwa wafugaji ambao hawakuwahi kufikiri mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kuchungulia midomo ya watu. Mjomba wangu aliposikia nimechaguliwa kusomea utabibu wa meno, aliuliza, "Na vichwa wanasomea wengine?"

Swali lile nililicheka wakati ule. Baadaye niliona mjomba alikuwa na hoja. Mdomo hauishi peke yake.

Aliyenifundisha kazi, ile ya mikono na siyo ya darasani, ni Mzee Machage. Alikuwa mfupi, mpole, na alianza kazi enzi za mashine ya kutobolea meno inayokanyagwa kwa mguu kama cherehani. Nilipofika kwake mashine ile ilikuwa bado ipo kwenye kona, na umeme ukikatika aliipangusa vumbi, akavua viatu, akakanyaga. Vyombo tulivichemsha kwa mvuke juu ya jiko la mafuta ya taa. Ukisahau kuongeza maji, chumba chote kilinuka chuma kilichoungua na yeye alikuwa anasema taratibu, "Leo tumepika koleo."

Siku yangu ya kwanza kuhudumia peke yangu, bibi mmoja aliniuma kidole. Aliuma kwa nguvu zote, macho ameyafumba, anaomba Mungu kwa Kikurya. Nilipomwita Mzee Machage alisimama mlangoni akatutazama wote wawili. "Kidole chako umekiweka mahali pa chakula," alisema. "Yeye hana kosa." Ndipo akanionyesha kuweka kipande cha mpira katikati ya meno ya upande wa pili, ili mdomo ubaki wazi hata mwenye nao akisahau. Fanyeni hivyo. Bibi mwenyewe alipotoka aliniomba radhi, mimi nikamwamkia shikamoo mara ya pili.

Wakati ule kazi yetu ilikuwa kung'oa. Watu walikuja jino limeshaoza, walitaka litoke, na tabibu mwenye mkono wa nguvu alisifiwa mpaka mnadani. Mzee Machage hakupenda sifa hiyo. Kuna jioni tunaosha vyombo akaniambia, "Ghati, ukimng'oa mtu jino zima kwa sababu fizi zimeoza, umezika bila kuuliza marehemu ameuawa na nini. Mwaka kesho utazika na ndugu yake."

Ilinichukua muda kumwelewa. Kwenye meno kuna ule utando laini unaojikusanya kila siku, tunauita ukoga. Usipousugua unakomaa unakuwa ugaga, mgumu kama chokaa ya ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Ugaga unaingia chini ya ufizi, ufizi unavimba, unajitenga na jino, panakuwa na mfuko, na mfuko unajaa usaha. Mfupa unaliwa polepole. Haya yote hayaumi sana, na hapo ndipo hatari ilipo. Jino lililotoboka litakuamsha na kukukimbiza hospitali. Fizi zinaweza kukuibia miaka na usijue, mpaka siku unatafuna nyama na jino linacheza.

Na watu wakiona damu wanaacha kupiga mswaki, wakidhani mswaki ndio unaoumiza. Nimewaambia maelfu kinyume chake. Damu inatoka kwa sababu hapo hapasuguliwi vizuri. Sugua taratibu, pale pale kwenye ukingo, kwa mswaki laini wa dukani au wa mti uliotafunwa ukalainika. Baada ya wiki mbili tatu damu inapungua. Isipopungua, njoo tuuangalie huo ugaga. Mvuta sigara msimwamini hata kama damu haitoki, maana moshi unaificha damu na chini kumeoza. Na msiwacheke watu wetu wenye meno ya kahawia. Hayo ni maji ya visima vya kwao walivyokunywa utotoni. Nimeona meno ya kahawia yaliyosimama kwenye fizi nzuri kabisa, na meno meupe kama maziwa yanayosubiri kuanguka.

Sasa niwaambie habari za Mzee Nyamhanga wa Gorong'a. Mwenyewe aliniruhusu nimtaje. Alisema, "Sema, labda kuna mwingine amekaa kimya kwa ujinga kama wangu." Ujinga ni neno lake. Mimi naita woga, na nitawaeleza kwa nini.

Nilikuwa nakwenda Gorong'a kwa huduma ya mkoba. Tunabeba vyombo kwenye gari, tunapanga meza kwenye zahanati, watu wanakuja. Siku moja alikuja mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, akakaa kwenye foleni kuanzia asubuhi. Kila zamu yake ikifika alikuwa anampisha mwingine. Mwisho tukabaki naye. Akakaa kwenye kiti, akafungua mdomo. Nikatazama juu, nikatazama chini. Fizi safi, meno yote yapo.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi," alisema. "Nimekuonyesha mdomo wangu ili nipate nafasi ya kukuambia juu ya mdomo wa mwingine."

Aliitwa Bhoke, mke wa Mzee Nyamhanga. Jina la mumewe nililijua. Kwenye ritongo, mkutano ambao wananchi wa Kikurya wanakaa kuamua mambo yao, yeye ndiye aliyekuwa anasikilizwa. Koo zikigombana juu ya malisho au ng'ombe, walikuwa wanamwita. Alikuwa anasema maneno machache na watu walikuwa wanarudi nyumbani wameshika fimbo zao chini.

"Amenyamaza," Bhoke alisema. "Mwaka mzima sasa. Ritongo haendi. Akienda anakaa nyuma, ameweka mkono mdomoni. Chakula anakula peke yake kwenye nyumba yake. Mimi nikimpelekea maji ananiambia niache mlangoni."

Halafu akanieleza lililomleta. Binti yao Robi alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nyansurura. Wazee wa kijana walivuka mto kuja kuzungumza mambo ya mahari, wakapokelewa, wakapewa nyama. Mzee Nyamhanga alikaa katikati yao kama jiwe. Hakula. Hakusema. Alipoulizwa jambo alitikisa kichwa na mkono hauondoki mdomoni. Wageni waliangaliana, wakainuka, wakaaga kwa baridi. Toka siku hiyo hawajatuma neno, na Robi analia jikoni akidhani baba yake amemkataa mchumba kwa dharau.

"Wewe unadhani nini?" nikamuuliza.

Bhoke aliangalia mlango kwanza. "Mdomo wake unanuka, dada yangu. Siyo harufu ya mtu ambaye hajapiga mswaki. Ni ya kitu kinachokufa. Na anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Halafu pale anapokwenda haja ndogo, nyuma ya zizi, sisimizi wamejaa."

Nikaacha kufunga vyombo.

Nyie mmesoma siku hizi kuliko sisi, kwa hiyo mmeshajua nilichofikiria. Lakini kujua ni jambo moja, na kumwendea mzee wa Kikurya kumwambia mdomo wake unanuka ni jambo jingine, hasa mwambiaji akiwa mwanamke. Mzee Machage alinifundisha: mtu mzima usimwambie ananuka, muulize anakula nini. Ukimuuliza anachokula, atakueleza mwenyewe alichoacha kula, na hapo umefika.

Nilikwenda nyumbani kwake kama mtu anayepita kusalimia. Nilimwita tata, baba, kama ilivyo heshima kwetu. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mrefu hata akiwa amekaa, blanketi begani. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Tuliongea habari za mvua na za ng'ombe, yaani niliongea mimi na yeye alikuwa anaitikia kwa pua.

"Tata," nikasema, "kichuri cha huku bado wanakitengeneza vizuri kama zamani?"

Kichuri ni nyama yetu yenye uchungu wa nyongo, na hakuna mzee wa kwetu asiyekuwa na maoni juu yake. Nikaona macho yake yanachangamka, halafu yakazima.

"Sijui," alisema nyuma ya mkono. "Nyama nimeacha."

"Unakula nini?"

"Uji."

Bhoke alikuwa ametoka kuchota maji. Mzee alitazama kama kuna mtu karibu, akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na meno mawili, marefu, mazima, hayana tundu hata moja.

"Haya yametoka yenyewe," alisema. "Moja lilitoka nikinywa uji. Jingine nimelitoa kwa vidole, bila maumivu. Binti yangu, jino zima linatokaje mdomoni kama jiwe linatoka kwenye matope?"

Nikataka kumjibu. Akanizuia kwa kiganja, kwa sababu alikuwa bado hajafika kwenye jambo lenyewe.

Kabla meno hayajaanza kulegea kulikuwa na kesi ya ng'ombe kati ya koo mbili. Mzee Nyamhanga alikuwa shahidi, akala kiapo cha kimila kuwa ng'ombe fulani walizaliwa kwenye zizi la fulani. Kiapo kile mtu anakula kwa mdomo wake, na inajulikana kuwa aliyesema uongo hatapona. Kesi ikaisha. Muda mfupi baadaye fizi zikaanza kutoa damu.

"Mimi nilisema kweli," aliniambia. "Nilisema nilichokiona. Lakini watu wakiona meno yanadondoka kwenye mdomo ule ule ulioapa, watasema nini? Watasema kiapo kimemkamata. Ng'ombe watahamishiwa zizi jingine. Na maneno yote niliyowahi kusema toka ujana wangu, nani atayaamini tena?"

"Kwa hiyo ukaamua wasiyaone."

"Nimefunga mdomo." Akakunja kile kitambaa polepole. "Na siku hizi hata mimi najiuliza. Labda nilikosea. Labda ng'ombe niliyemwona alikuwa mwingine. Nalala nikiwahesabu wale ng'ombe mmoja mmoja."

Nimeona watu wengi wakiteseka kwenye kiti changu. Kwa huyu niliona mateso yaliyokaa mbali sana na jino. Sikumwambia kuwa kiapo ni upuuzi, kwanza kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa Nyanungu, na pili kwa sababu hakuna mgonjwa anayepona kwa kudharauliwa. Nilimwambia hivi: "Tata, mimi sijui habari za viapo. Najua habari za fizi. Niruhusu nikuangalie, na niruhusu nikutoboe kidole kidogo. Kama sitaona ugonjwa ninaoufahamu, nitakuambia sijaona."

Akasema, "Njoo na hicho kidude chako."

Nilikuwa na kipimo cha sukari kwenye mkoba, nimekiazima zahanati. Kwanza nilimwangalia mdomo palepale nje kwenye mwanga. Fizi zilikuwa zimevimba na kuachana na meno, ukizibonyeza usaha unatoka, na meno ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza yote. Halafu nikamtoboa kidole. Kipimo kilipoleta jibu nikaona sukari ilikuwa juu sana.

"Tata, una kisukari," nikasema. "Sukari imezidi kwenye damu yako mpaka inatoka na mkojo. Ndiyo sababu ya kiu, ndiyo sababu ya sisimizi nyuma ya zizi. Sukari ikizidi, mwili hauna nguvu ya kupigana na vijidudu, na mahali pa kwanza vinapostarehe ni kwenye fizi. Na fizi zikioza, zenyewe nazo zinaifanya sukari igome kushuka. Vinashikana mikono."

"Huo ni ugonjwa wa watu?"

"Wa watu wengi. Wanaoapa na wasioapa. Mapadri wanao, walimu wanao, mimi dada yangu anao."

Mara mzee akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mkono umeanguka magotini, mdomo wazi, mapengo yote yanaonekana. Bhoke alifika na ndoo kichwani akasimama hapo hapo. Katika kazi yangu sijaona mtu mwingine aliyeambiwa ana kisukari akafurahi. Ilibidi nimkumbushe kuwa ugonjwa wenyewe si wa mchezo, unakula macho, figo na miguu. Akasema, "Nakusikia, binti yangu. Niache kwanza nicheke."

Alitaka nimng'oe meno yote siku hiyo, yaishe. Nikakataa. Vijana, hapa nisikilizeni vizuri. Mgonjwa wa sukari iliyo juu hamng'oi meno kwa haraka kama mnavuna mihogo, labda kuwe na dharura na daktari yupo. Kidonda hakifungi, vijidudu vinapanda. Kwanza sukari ishikwe. Nilimpeleka kwenye kliniki ya kisukari kwa Daktari Neema, binti mdogo aliyekuwa na subira kama ya bibi kizee. Akamwanzishia dawa, akamfundisha ya kula na ya kupunguza. Mimi nikaanza kumsafisha kidogo kidogo, upande huu leo, upande ule akirudi, kwa ganzi, nikikwangua ugaga mpaka chini ya ufizi. Siku hizi mna mashine inayotetemeka na kurusha maji, ugaga unabanduka kama maganda. Mimi mwingi niliutoa kwa chuma cha mkono, na bado nawaambia mjifunze chuma, kwa sababu kidole kinasikia mahali macho hayafiki.

Wakati huo huo huku Nyansurura nilikuwa na mtihani wa aina nyingine. Baba wa yule kijana mchumba, Mzee Magoiga, au Baba Samweli kama tunavyomwita, ni jirani yangu. Mashamba yetu yamepakana. Alijua nafanya kazi upande ule, na Jumamosi moja akanifuata nikiwa napalilia.

"Mama Meno," alisema, "huyu mzee wa Gorong'a tulimkosea nini? Tumefika kwake kwa heshima, hata neno hakutupa. Mimi namwambia mwanangu atafute kwingine. Wewe unawajua watu wale. Anatudharau?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu na Robi angefuta machozi. Lakini mdomo wa mgonjwa ukishafunguka mbele yako, wako unafungwa. Nilimwambia, "Baba Samweli, dharau sijaiona pale. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na ukiniuliza sana utanikosesha kazi. Subiri mavuno yapite."

Akanitazama kwa jicho moja. Akasema atasubiri, lakini si mpaka kijana azeeke.

Tungemaliza vizuri kama Mzee Nyamhanga asingepona haraka. Hilo nalo mlijue. Fizi zilipoacha kutoa damu na kiu ikapungua, akaona amemaliza. Mavuno yalianza, kliniki iko mbali, dawa zikakaa ndani ya debe. Bhoke akimkumbusha anasema, "Unaona damu wapi?" Muda si mrefu shavu likavimba mpaka jicho likafunga, homa ikapanda, na kwenye kisigino pakatokea kidonda ambacho hakukisikia mpaka alipoona soksi imelowa. Bhoke alimleta kwa bodaboda, amemshikilia katikati yake na dereva.

Daktari Neema alimlaza. Mimi nilipasua lile jipu, usaha ukatoka. Alilala kimya, safari hii kimya cha mgonjwa kweli. Nilikaa pembeni ya kitanda.

"Nilidhani fizi zikinyamaza na ugonjwa umekwenda," alisema.

"Fizi ni mbwa wa nyumbani, tata. Akinyamaza haina maana kuwa mwizi amehama."

"Na mguu wangu?"

"Mguu umewahi. Ungekaa nao nyumbani muda mrefu zaidi, ningekuwa nakujibu vingine."

Toka siku ile dawa zilihama kwenye debe zikakaa juu ya meza yake ya kulia. Kidonda kilichukua muda mrefu, kikafunga. Sukari iliposhuka niliyang'oa meno matatu ambayo hayakuwa na pa kushika, mengine yakabaki na yakakaza kiasi. Daktari Neema akaniambia jambo nililokuwa nimelisikia kwenye semina lakini sijaliona kwa macho. "Mama, sukari yake ilikuwa haitaki kutulia. Tangu umsafishe zile fizi, na dawa anakunywa, inasikia." Tukaelewana naye hapo hapo kwenye korido: wagonjwa wake wa sukari wapite kwangu, na wangu wenye fizi zinazorudia majipu wapite kwake. Mjomba wangu angefurahi, kichwa na meno vimekutana.

Wazee wa Nyansurura walitumiwa ujumbe waje tena. Mimi nilialikwa kama mtu wa pande zote mbili, nikakaa na kina mama, karibu na Robi aliyekuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Mzee Magoiga aliingia uso umefungwa. Nyama ikaletwa. Mzee Nyamhanga alichukua kipande kilichokatwa kidogo, akakitafuna taratibu upande wa kushoto, mbele ya watu wote, akameza. Kisha akasimama, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Ndugu zangu," alisema, "mlipokuja mara ya kwanza mlikuta mtu mwenye mdomo umeoza, anaona aibu. Nilikuwa na kisukari na sikujua. Meno yangu yalikuwa yanaanguka nikadhani ni kiapo. Tazameni." Akafungua mdomo, akageuka huku na huku, mapengo yote wakayaona. "Haya ndiyo yaliyowanyima neno. Sikuwadharau. Kama kuna mtu hapa anaamini niliapa uongo, aniulize sasa, nitamjibu."

Hakuna aliyeuliza. Mzee mmoja wa ukoo ulioshindwa ile kesi alikuwa amekaa pale. Nilimwona anatazama chini, halafu anasema kwa sauti ya kawaida, "Na mimi nakunywa sana maji siku hizi." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka, na kabla jua halijazama alikuwa ameshaniuliza kliniki ni siku gani.

Mzee Magoiga aliinuka, akampa mkono baba yake Robi. Mazungumzo ya mahari yakaendelea na yalikuwa marefu, maana Mzee Nyamhanga alikuwa na mwaka mzima wa maneno.

Muda ulipita, Robi akaolewa huku kwetu. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu. Siku moja niko Gorong'a kwenye ile zahanati, namwona Mzee Nyamhanga anaingia uani na Robi nyuma yake, amekuja kusalimia kwao. Nikashtuka. Watu wanakuja kwangu wameshika shavu, wamefunga kitambaa kichwani, wamelala macho. Nikawatazama wote wawili, nikitafuta uvimbe.

"Shikamoo, tata. Nani anaumwa?"

"Marahaba. Hakuna."

"Hakuna anayeumwa?"

"Huyu ana mimba," alisema. "Uliniambia mwenyewe kuwa mimba inavimbisha fizi, na fizi zikiharibika sana inasemekana mtoto anaweza kuja kabla ya wakati. Sasa nisubiri aumwe kwanza?"

Robi alikuwa anaangalia pembeni kwa haya. Nilimkalisha kwenye kiti. Fizi zake zilikuwa zimevimba kidogo mbele, basi, za kawaida kwa mjamzito. Nilimsafisha, nikamwonyesha namna ya kusugua ukingo hata siku ambazo kichefuchefu kinamkataza kuingiza mswaki mdomoni. Nilifanya kazi hiyo polepole, kwa kufurahia. Sikumbuki mtu mwingine kabla yake aliyeletwa kwangu akiwa mzima.

Nilipomaliza nikatoka mlangoni kumwita anayefuata. Mzee Nyamhanga alikuwa amekaa katikati ya benchi, amezungukwa na foleni nzima, mdomo wazi, kidole kinaonyesha mahali jino lake mojawapo lilipokuwa. Niliita jina mara mbili. Hakuna aliyegeuka, walikuwa wanamsikiliza.